Je, Tumbo Huzoea Maji ya Ziwa?

Mtu ashukapo kutoka Butembo kwenda Kyavinyonge, kitu cha kwanza apewacho na wenyeji ni samaki, na cha pili ni maji ya kunywa. Samaki hana lawama. Lakini maji mara nyingi yamechotwa ufuoni, pale pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, wanawake wanapofua nguo na kuparua samaki, na viboko wanapopita usiku. Mgeni akisitasita, wenyeji humcheka kwa upole na kumwambia: "Kunywa tu, ndugu. Sisi tumelelewa kwa maji haya, na tumbo letu limekwisha kuyazoea." Kesho yake mgeni akishikwa na tumbo la kuhara, nao wakiwa wazima wanatengeneza nyavu zao, basi neno lao laonekana kuwa limepata ushahidi.

Neno hilo si la kijinga, wala halistahili kudharauliwa na watu waliosoma. Lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ni wa ajabu kuliko wanavyodhani wenyewe wanaolisema. Lakini lina shimo pia, na katika shimo hilo huanguka hasa watoto wadogo. Yafaa tulipime neno hilo polepole.

Kwanza, kama kuzoea ni kazi ya miaka mingi, watu wa ufuo huu wamepata nafasi ya kutosha. Karibu na Kyavinyonge, mahali paitwapo Ishango, ndipo Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Eduardi na kwenda zake kaskazini mpaka Ziwa Alberti. Hapo mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua vyusa vya mifupa na ule mfupa mashuhuri wenye mikato iliyopangwa kama hesabu. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Kwa hiyo watu walivua samaki hapa, na bila shaka walikunywa maji ya hapa, kabla ya piramidi za Misri kuwako. Hata hivyo wajukuu wa leo wangali wanaharisha. Kuzoea, basi, si urithi utokao kwa babu kama shamba au nyavu. Kila mtoto azaliwaye huanza darasa la kwanza.

Ni darasa gani hilo, na mwalimu ni nani?

Utumbo wa mtu mzima, ukikunjuliwa pamoja na mikunjo yake yote na vile vinyweleo vidogo vilivyomo ndani yake, wapata eneo la meta za mraba 30 hivi, yaani kama sakafu ya chumba kidogo cha darasa. Ngozi ya nje ya mwili wetu ni ngumu, ina tabaka juu ya tabaka. Lakini ngozi hii ya ndani ni safu moja tu ya seli, nyembamba kuliko karatasi ya gazeti hili, na seli zake hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 3 hata 5. Upande mmoja wa ukuta huo mwembamba ipo damu yetu. Upande wa pili vyapita ugali, samaki, maharagwe na mawese, pamoja na bakteria wengi kiasi kwamba hesabu yao yakaribia au kuzidi ile ya seli zote za mwili. Wengi wao ni wapangaji wema wanaotusaidia kukiyeyusha chakula.

Hapo ndipo palipo na shida. Mlinzi ampigaye kila apitaye angeuua mwili kwa njaa na vidonda. Mlinzi amwachaye kila mmoja apite angeuua kwa maradhi. Lazima awepo mwenye kupambanua, na kazi hiyo Mwenyezi Mungu ameiweka kwa seli chache zenye sura isiyo ya kawaida. Zina mikono mirefu mingi inayotawanyika kama matawi ya mti, na kwa sababu hiyo huitwa seli dendritiki, maana dendron kwa Kigiriki ni mti. Sisi tutaziita seli zenye matawi.

Ndugu zao wa ngozini walionekana kwa hadubini tangu mwaka 1868 na kijana Mjerumani, Paul Langerhans, aliyedhani kuwa ni mishipa ya fahamu. Kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyejua kazi yao. Mwaka 1973 daktari mzaliwa wa Montreal katika Kanada, Ralph Steinman, pamoja na mwalimu wake Zanvil Cohn, walizieleza seli hizo walizozikuta katika wengu la panya, huko New York. Wakubwa wengi wa elimu hawakumwamini, kwa maana seli zenyewe zilikuwa chache mno na ngumu kuzitenga. Steinman hakukata tamaa, akaendelea na seli zile zile karibu miaka 40. Mwaka 2007 alipatikana na kansa ya kongosho, ugonjwa ambao kwa kawaida huua upesi, naye akajitibu pamoja na mambo mengine kwa seli zake mwenyewe zenye matawi. Akaishi miaka 4 na zaidi. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011, na siku 3 baadaye wazee wa tuzo la Nobel, wasiojua habari za msiba, walitangaza kuwa amelipata. Sheria yao yakataza kumpa marehemu. Lakini walipofikiri, waliona ya kuwa walimchagua wakidhani yu hai, wakaliacha tuzo kama lilivyo. Mimi naona walifanya vema.

Turudi tumboni. Katika ukuta wa utumbo mna mabaka madogo ambayo Mswisi Johann Conrad Peyer aliyaeleza mwaka 1677. Juu ya mabaka hayo zipo seli maalum zilizo kama madirisha: hunyakua vitu vipitavyo utumboni na kuvipitisha ndani, na nyuma ya dirisha seli zenye matawi zimeketi zikingoja. Nyingine hazingoji dirisha. Mwaka 2001 Maria Rescigno na wenziwe katika mji wa Milan walionyesha ya kuwa seli hizi zaweza kupenyeza tawi lao katikati ya seli mbili za ukuta, bila kuubomoa, zikawagusa bakteria walio upande wa pili, kama mtu aingizaye mkono chini ya mlango.

Seli yenye matawi ikiisha kukamata kitu, hukikatakata vipande vidogo na kuvivaa vipande hivyo juu ya uso wake. Kisha huondoka mahali pake, ikasafiri kwa njia ya limfu, yale maji ya mwili yatembeayo taratibu, mpaka katika tezi za tumboni. Mfano wake ni katekista wa kijiji cha mbali. Aonapo jambo jipya kijijini haliamui peke yake, bali hupanda kwa miguu mpaka misioni na kulieleza lote kwa wakubwa. Katika tezi yapo majeshi ya seli nyeupe za damu, kila moja imeumbwa kutambua umbo moja tu. Mjumbe huonyesha vipande vyake kwa hii na kwa ile, hata apatikane askari ambaye umbo hilo ni lake. Hapo askari huyo huzaa wenziwe kwa maelfu, nao huziamsha seli zitengenezazo kingamwili. Kingamwili za utumboni ni za aina ya pekee, iitwayo aina A. Mwili wa mtu mzima hufanya gramu kadhaa za aina hiyo kila siku, kupita aina nyingine zote zikijumlishwa. Hutiririka mpaka katika uteute wa utumbo, zikawashika vijidudu na kuwafunga wasipate kushikamana na ukuta.

Lakini askari wa tezini atajuaje kwamba kazi yake ni utumboni, wala si mapafuni au miguuni? Jibu lapatikana jikoni. Seli zenye matawi za utumbo huchukua vitamini A iliyotoka katika chakula, huigeuza, na kwa hiyo humtia askari alama ya njia ya kurudi utumboni. Vitamini A ikikosekana, askari hupotea njia. Nayo imo katika mawese mekundu yasiyochomwa mpaka kuwa meupe, katika mapapai, karoti, lengalenga na majani ya muhogo, na katika maini ya samaki. Mama wa Beni atiaye mawese katika sombe awalisha watoto wake, na papo hapo awapa walinzi wa matumbo yao ramani ya safari.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa kazi ya seli hizi ni kupiga mbiu ya vita tu. Katika utumbo mzima habari ipelekwayo tezini mara nyingi ni hii: "Mwacheni, ni chakula," au "Mwacheni, ni mpangaji wetu wa siku zote." Hapo huzaliwa askari wa namna nyingine, wapatanishi, ambao hutuliza fujo. Wataalamu watatu walioanza kueleza habari za askari hao, Shimon Sakaguchi wa Japani na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, walipata tuzo la Nobel mwaka 2025. Amani hiyo ikivunjika, mwili huupiga utumbo wake wenyewe, na mtu huharisha damu miaka na miaka bila kijidudu cha kumlaumu. Mmojawapo wa ugonjwa huo huitwa kwa jina la Crohn. Kwetu si mwingi kama ulivyo Ulaya, lakini madaktari wa miji mikubwa ya Afrika wamekwisha kuuona.

Basi tumeona kwamba wavuvi wanasema kweli: tumbo hujifunza. Mtu aliyeugua kipindupindu akapona, tumbo lake hulikumbuka somo hilo miaka 3 au zaidi. Mgeni kutoka mlimani hana kumbukumbu hiyo, ndiyo maana aangushwa na maji ambayo mwenyeji ayanywa bila kuumwa.

Sasa lile shimo. Safari ya mjumbe kutoka utumboni mpaka tezini, kumtafuta askari, kuzaa jeshi na kulirudisha, huchukua siku nyingi, pengine wiki nzima au zaidi kwa mara ya kwanza. Kipindupindu hakingoji wiki. Kijidudu chake hakiingii hata mwilini. Husimama mlangoni tu, kikamwaga sumu yake juu ya ukuta wa utumbo, nao ukuta hufungua mifereji yake yote. Mgonjwa wa hali mbaya aweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, naye aweza kufa kabla ya jua kuchwa. Mtoto wa miaka miwili ana lita ngapi za kupoteza? Somo ni zuri, lakini mwanafunzi amekufa kabla ya mwalimu kufungua kitabu. Wasemao "tumezoea" ni wale waliosalia, na walio kaburini hawawezi kuongeza neno.

Tena maji machafu hayaleti ugonjwa mmoja tu. Kuhara damu kwa Shigella kuna aina kwa makumi, na kuijua moja si kuzijua nyingine. Na homa ya matumbo, tifoidi, ni mwizi wa hila kupita wote. Kijidudu chake hupita katika madirisha yale yale ya Peyer, na kinapomezwa na walinzi hakifi, bali hujificha ndani yao na kubebwa nao mpaka tezini, kisha katika ini na wengu, kama mwizi asafiriye ndani ya mtumbwi wa polisi. Mgonjwa asiyetibiwa, katika wiki ya tatu, yale mabaka yaweza kuoza na kutoboka, na hapo hakuna budi kupasuliwa upesi. Watu wa Butembo na Beni wamekwisha kuona hila ya namna hii katika ugonjwa mwingine. Katika siku za Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, virusi hivyo viliwaua watu zaidi ya 2,200, na miongoni mwa seli vinazozishika mapema ni hizi zenye matawi, zikazibwa kinywa zisipeleke habari.

Liko jambo jingine, nalo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Baba aliyezoea haugui, lakini kijidudu chaweza kukaa ndani yake siku kadhaa, naye humtoa kwa choo. Wengi wa walioambukizwa kipindupindu hawajui kwamba wanacho. Akijisaidia ziwani alfajiri kutoka mtumbwini, amerudisha kijidudu mahali binti yake atakapochota maji saa moja baadaye. Hivi tumbo lililozoea la mkubwa lageuka kuwa mlango wa mauti kwa mdogo, na hakuna amlaumuye kwa kuwa yeye ni mzima. Kipindupindu kilifika upande wa mashariki wa Kongo mwaka 1978, na tangu hapo hakijaondoka kabisa katika nchi za maziwa. Hurudi na kurudi katika vijiji vya wavuvi na katika kambi. Huko Goma mwezi Julai mwaka 1994, kwa mwezi mmoja tu, wakimbizi karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Hata mtoto asiyekufa hulipa ada ya kuzoea. Utumbo ushambuliwao kila wiki hubaki umevimba kidogo sikuzote, hata kama haharishi. Vinyweleo vyake hupungua urefu, ukuta huvuja, wajumbe hukimbia huku na huko wakipiga mbiu pasipo kikomo. Chakula kizuri chapita bila kushikwa. Uchunguzi uliofanywa Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulionyesha ya kuwa watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Njaa ina sehemu yake kubwa katika hesabu hiyo, hapana ubishi; lakini uchafu wa maji nao unayo.

Je, hakuna namna ya kulifundisha tumbo bila kulitesa? Iko, tena zipo mbili.

Ya kwanza ni ya kale kama Eva. Lugha yetu yaita kwa neno moja ziwa la maji na ziwa la mama, na sijui kama wazee walikuwa na sababu. Mama anywapo na kula mahali pamoja na mtoto, wajumbe wa tumbo lake huwajulisha askari habari za vijidudu vya mahali hapo. Sehemu ya seli zifanyazo kingamwili huondoka tumboni, zikahamia katika maziwa yake. Kwa hiyo mama wa Kyavinyonge humpa mtoto wake kinga dhidi ya vijidudu vya Kyavinyonge, si vya Ulaya, wala kopo la dukani halina kitu hicho. Mtoto mchanga mwenyewe hana karibu kingamwili ya aina A hata kidogo. Maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo pengine mabibi husema ni machafu na kuyakamua chini, ndiyo yaliyojaa kinga hiyo kuliko yote. Miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe.

Ya pili ni chanjo ya kumeza. Ile ya kipindupindu hainywewi bure kwa mdomo badala ya kuchomwa mkononi: ndani yake mna vijidudu vilivyouawa, navyo hupita katika madirisha ya utumbo na kukabidhiwa seli zenye matawi mahali pake hasa. Kwa dozi mbili hutoa kinga kwa miaka 3 hivi, ingawa si kamili, na kwa watoto chini ya miaka 5 huwa hafifu zaidi. Tangu Oktoba 2022, kwa upungufu wa chanjo duniani, mahali penye mlipuko hutolewa dozi moja tu, ambayo kinga yake ni ya muda mfupi. Aliyeinywa asiseme kwamba sasa aweza kunywa ziwani. Utumbo ulio na uvimbe wa siku zote hujifunza vibaya hata kwa chanjo njema, hivyo mwalimu na maji safi ni lazima waende pamoja: maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klori, bidoni lenye kifuniko, choo kilicho mbali na ufuo, na bidoni dogo la maji hayo katika mtumbwi kwa mvuvi akeshaye ziwani.

Na siku mtoto aharishapo, mama asingoje kuona kama tumbo "litazoea." Asitawishe, kisha aende kituo cha afya mara moja, hasa kinyesi kikiwa kama maji ya mchele. Akiwa njiani ampe maji yenye chumvi na sukari. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bengali, daktari Dilip Mahalanabis aliyatumia maji ya namna hiyo kwa kuwa maji ya mishipani yalikuwa yamekwisha, na vifo vilishuka kutoka kama 30 katika wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Maana utumbo uliomwagiwa sumu bado wakubali kuivuta chumvi ikiwa inashikana na sukari, na maji huifuata chumvi. Pakiti ya kituoni ni bora. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, wala usizidishe chumvi. Mwuguzi ataongeza vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14. Mtoto akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aendelee kijiko kwa kijiko. Na ziwa asimnyime hata usiku mmoja.